Mfuata Mvua na Madoadoa: Mtoto Mhamiaji katika Chozi la Heri na katika Bonde la Ufa

Makala haya yanahusu neno moja. Katika Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta K. Matei ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa kitabu teule cha mtihani wa KCSE nchini Kenya, mtoto aitwaye Ridhaa anaingia katika shule mpya na kuitwa "mfuata mvua". Anayemwita hivyo ni mwanafunzi mwenziwe. Hamtaki katika mchezo. Tena anamsingizia wizi wa kalamu. Mtoto anarudi nyumbani akilia, na shule haitaki tena. Mama anambembeleza, mwalimu anawafundisha watoto umuhimu wa kuishi pamoja, na Ridhaa anaendelea na masomo hadi anahitimu kuwa daktari. Tukio lenyewe halichukui nafasi kubwa kitabuni. Katika miongozo ya wanafunzi hutajwa kwa sentensi mbili tatu chini ya kichwa "Ukabila", kisha mwandishi wa mwongozo huenda zake kwenye "Elimu" na "Uongozi mbaya". Sisi tunaliona kuwa ndilo tukio linaloibeba riwaya nzima. Na tunadai kwamba mtunzi ameuona ugonjwa wa mtoto huyu kwa jicho kali zaidi kuliko alivyoiona dawa yake.

Tunaisoma riwaya hii tukiwa Nakuru, na jambo hilo linahitaji maelezo, maana Msitu wa Heri haumo katika ramani yoyote. Mtunzi amebuni nchi, akabuni vilima na misitu yake, kama ilivyo desturi ya watunzi wetu wanapotaka kusema mambo ambayo wachapishaji wanayaogopa. Hata hivyo, kisa cha jamaa ya Ridhaa ni kisa ambacho kila kijiji cha bonde hili kinakijua. Babake, Mzee Mwimo Msubili, ana wake wengi na watoto wengi, na ardhi ya ukoo haiwatoshi. Anawahamisha baadhi ya wakeze hadi Msitu wa Heri. Watoto wa wake hao hawakushauriwa, wala hawakuchagua. Waliamka asubuhi moja wakiwa watu wa kuja. Badili majina ya wahusika uweke ya Kiambu, Murang'a au Nyeri mahali pa kutoka, na Njoro, Molo au Elburgon mahali pa kufikia, utakuwa umepata masimulizi ambayo wazee wengi wa Nakuru wanaweza kukupa bila kufungua kitabu.

Tuliangalie neno lenyewe kabla ya kuendelea. "Mfuata mvua" ni nomino ya mtendaji inayochukua yambwa yake, kama tunavyoona katika methali "Mfuata nyuki hakosi asali". Umbo hilo la nomino lina tabia ya kumfunga mtu katika tendo moja. Haliseme kwamba fulani aliwahi kufuata mvua. Linasema kwamba huyo ndiye yeye, na kazi yake duniani ni hiyo. Mtoto aliyezaliwa mahali pengine na kuletwa mgongoni mwa mamake anageuzwa mtendaji wa tendo ambalo hakulitenda. Pia neno linabeba tuhuma. Mvua ni neema ya wenyeji, imewanyeshea wao. Yule aliyeifuata amekuja kula kisichokuwa chake, na kiangazi kikiingia atatoweka. Kwa hiyo uhusiano wa tusi hili na tuhuma ya wizi wa kalamu si wa bahati. Ni tuhuma ile ile moja, mara ya kwanza ikiwa kubwa kama mawingu, mara ya pili ikiwa ndogo kama kalamu ya mtoto. Hapa mtunzi ameonyesha ustadi ambao hatudhani umesifiwa inavyostahili.

Lakini neno hili likiletwa Bonde la Ufa linageuka dhidi ya msemaji. Ni nani hasa aliyefuata mvua katika nyanda hizi? Ni wafugaji. Wamaasai waliilisha mifugo yao kati ya Naivasha, Nakuru na Laikipia kwa kuhama kulingana na misimu, na kwao kuifuata mvua hakukuwa aibu bali ndiyo elimu yenyewe, aliyoipata kijana kwa baba na babu. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika sehemu hizi ili walowezi wa Kizungu wapewe ardhi, wakasukumwa wengine kaskazini na wengine kusini; na kwa mkataba wa mwaka 1911 wakaondolewa tena Laikipia. Wafuata mvua wa kweli, basi, ndio waliokuwa wa kwanza kuambiwa kwamba mahali hapa si kwao. Katika misitu ya Mau, Waogieki wamekuwa wakiambiwa hivyo hivyo, ingawa wao walikuwa wakifuata nyuki.

Na wale walioitwa wageni baadaye hawakuifuata mvua. Waliitwa. Walowezi walikuwa na mashamba makubwa kuliko mikono yao, nao wakulima wa Kikuyu, ambao sehemu ya ardhi yao ilikuwa imechukuliwa, walikuwa na mikono na mbuzi wasiokuwa na malisho. Ndivyo walivyozaliwa maskwota. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota amfanyie mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kulima kipande na kufuga; baadaye siku zikaongezwa hadi 240 na hata 270. Watoto walikulia humo, wakichunga na kuchuma pareto katika nyanda za baridi za Molo, bila ya kujua kwingine. Tabitha Kanogo ameeleza maisha hayo kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau, na mhakiki wa fasihi ya sehemu hii asiyekisoma anajinyima mengi.

Tungependa kukaa kidogo Olenguruone, kwa sababu hapo ndipo suala la mtoto linapojitokeza waziwazi. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni iliwapa makao ya Olenguruone, kwenye miinuko ya Mau, Wakikuyu waliokuwa wameondolewa katika mashamba ya walowezi na katika nchi ya Wamaasai. Wao waliamini kwamba wamepewa ardhi kuwa fidia na haki yao. Serikali iliwaona wapangaji tu, ikawawekea masharti ya namna ya kulima na ya nani atakayerithi. Walikataa kutia sahihi. Wakala kiapo cha umoja, na jambo la ajabu katika kiapo hicho, kikilinganishwa na viapo vilivyokitangulia, ni kwamba wanawake na watoto pia walikila. Wazazi wale walielewa jambo ambalo fasihi yetu imechelewa kulielewa: kwamba neno "mgeni" likishatamkwa halimwachi mtoto nje kwa sababu ya udogo wake, wala halimsubiri akue. Kufikia mwaka 1950 watu wa Olenguruone walikuwa wameondolewa, wengi wakapelekwa Yatta, mahali pakavu ambako hakuna mtu angekwenda kwa kufuata mvua.

Baada ya uhuru mashamba ya walowezi yaligawanywa kwa mipango ya serikali, na mengine yakanunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika vya wananchi. Wazazi walikuwa na hisa na baadhi yao hati za kumiliki ardhi, na watoto wao wakazaliwa Nakuru, wakabatizwa Nakuru, wakazika babu zao Nakuru. Hati, hata hivyo, haijibu swali ambalo Mkenya humuuliza mtoto asiyemjua: "Kwenu ni wapi?" Mtoto akijibu "Njoro", muulizaji hatosheki. Huuliza tena: "La, kwenu hasa?" Ni katika kiambishi kile cha mahali na kielezi kile kidogo "hasa" ambamo tunaipata riwaya nzima ya mtoto mhamiaji. Wenzetu wa isimu wameandika mengi kuhusu viambishi vya mahali. Hatujaona aliyeandika juu ya maumivu yake. Hata vitabu vya kwanza vya shule havikumwepusha mtoto na swali hilo. Mfululizo wa vitabu vya lugha za mama uliotumiwa katika madarasa ya chini uliitwa Tujifunze Kusoma Kikwetu. Jina ni zuri, na nia ilikuwa njema. Ila mtoto aliyeketi katika darasa ambalo lugha ya eneo si lugha ya mamake alijifunza kusoma kikwao, siku ile ile aliyojifunza kwamba yeye ana "kwao" kwingine.

Turudi kwa neno. Ipo tofauti kubwa kati ya tusi la mtoto wa riwaya na tusi ambalo wanasiasa wa bonde hili walilieneza mwanzoni mwa miaka ya tisini, mfumo wa vyama vingi ulipokuwa ukirejea. Mapigano yalianza Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei, Nandi, yakaenea hadi Molo mnamo Machi na Aprili 1992, na neno lililosikika lilikuwa "madoadoa". Mwanafunzi wa sarufi atatambua mara moja kilichotendeka. "Mfuata mvua", pamoja na ubaya wake, bado ni mtu: yumo katika ngeli ya mtu, anafuata, anakuja, anaweza kuondoka kwa miguu yake. "Madoadoa" hayana miguu. Yamo katika ngeli ya madoa na matope, nayo hayaondoki bali huondolewa. Urudufishaji unayafanya yawe mengi, madogo na yaliyotawanyika, kama uchafu juu ya nguo ambayo bila hayo ingekuwa safi. Mtu akishahamishwa ngeli, yaliyobaki ni kazi ya mikono. Mwezi wa Aprili 2022 Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ililiweka neno hilo katika orodha ya maneno yaliyohesabiwa kuwa ya chuki, miaka thelathini baada ya Molo.

Thamani ya Chozi la Heri, kwa maoni yetu, ni kwamba inatuonyesha neno likiwa bado changa, kabla ya kuhama ngeli. Mtunzi hakuanzia kwenye panga na moto tu. Ameanza na Ridhaa mtu mzima, amesimama kwenye magofu ya nyumba yake iliyoteketezwa pamoja na mkewe Terry na watu wengine wa nyumba yake, kisha akaturudisha nyuma hadi kwenye uwanja wa shule, kana kwamba anasema: moto huu ulikuwa na kijinga chake, na kijinga kilikuwa pale watoto walipokuwa wakicheza. Mbinu ya mbisho rejeshi hapa si pambo. Ndiyo hoja. Msomaji analiona jivu kwanza, ndipo anaposikia tusi, na hawezi tena kulichukulia kuwa utoto.

Hapo ndipo sifa zetu zinapokoma kwa muda. Riwaya inalitatuaje tatizo la mtoto? Kwa njia mbili: nasaha za mwalimu na bidii ya mwanafunzi. Mwalimu anasema, watoto wanasikia, na mambo yanatengenea kwa upesi ambao mtu aliyewahi kufundisha watoto arobaini katika chumba kimoja hawezi kuuamini. Kisha Ridhaa anafaulu, anafaulu tena, anakuwa daktari. Ni njia ambayo riwaya ya Kiswahili ya Kenya inaipenda mno. Tunaikuta katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996), ambamo kijana kutoka Tanga anayemtafuta babake hadi Kitale anasifika kwa umahiri wake wa Kiswahili. Umahiri huo ndio pasi yake. Mtoto asiyekuwa na kwao anajengewa kwao na akili zake. Walibora alikuwa na sababu nzuri za kisanaa za kufanya hivyo, na safari ya mhusika wake ina utamu ambao hatuna nia ya kuutia dosari. Lakini tukiitazama njia hii kama jibu la ubaguzi, ina kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni kwamba inampa aliyebaguliwa kazi ya kuuondoa ubaguzi. Mtoto anatakiwa astahili. Je, yule asiyekuwa na akili nyingi? Katika kila darasa la Nakuru palikuwa na mtoto wa kuja ambaye alikuwa wa thelathini na mbili kati ya arobaini, aliyependa mpira kuliko hesabu, na ambaye hakuna riwaya itakayomfanya daktari. Huyo naye aliitwa jina. Fasihi yetu haimjui. Tunashuku kwamba hajulikani kwa sababu riwaya hizi zinaandikwa zikiwa na jicho moja kwenye orodha ya vitabu teule, na kitabu kinachosomwa kwa ajili ya mtihani hakiwezi kwa urahisi kukiri kwamba kuna jambo ambalo mtihani hauliponyi. Halafu, mtoto mgeni akishika nambari ya kwanza, kuna mwenyeji aliyeshuka hadi ya pili, na mzazi wake anayeitazama fomu ya matokeo. Ufaulu haujawahi kuizima tuhuma ya mfuata mvua. Mara nyingi umeithibitisha, kwa kuwa alishashukiwa kwamba amekuja kuvuna.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, na ushahidi wake umo katika riwaya yenyewe. Nyumba iliyochomwa ni ya nani? Si ya mtoto mvivu, wala ya mtu aliyejitenga. Ni ya Daktari Ridhaa, mtu aliyelinufaisha eneo lile kwa hali na mali. Na anayewaongoza wachomaji ni jirani yake, Mzee Kedi, mtu wa kujuana na kusaidiana. Kila kitu ambacho mama na mwalimu walimwahidi mtoto, mtoto amekitimiza, na malipo yake ni jivu. Jambo hilo tunaliona likirudiwa kwa watu wazima wengine: Subira, mke wa Kaizari, anadharauliwa na wakweze kwa sababu ya damu yake, wala subira yake haimfaidii, ndoa ya Selume nayo haiuhimili mtikisiko wa uchaguzi. Kwa hiyo riwaya ina sauti mbili. Moja, ya msimulizi anayetoa nasaha, inasema kwamba elimu na wema humfanya mgeni kuwa mwenyeji. Nyingine, ya matukio, inasema kwamba havimfanyi. Mtunzi hakuzipatanisha sauti hizi, na katika sehemu za mwisho, ambamo watoto wa Lunga, Umu na nduguze, wanaokolewa na kupata malezi mapya, ile ya kwanza ndiyo inayopewa nafasi ya kumaliza. Sisi tunaiamini ya pili. Waliokaa katika hema za uwanja wa maonyesho wa Nakuru mwaka 2008, miongoni mwao walimu, wauguzi na wafanyabiashara wenye majengo, hawakukosa bidii. Tume iliyoongozwa na Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na hatujasikia kwamba vyeti vya shule vilimkinga mtu.

Lipo pengo jingine, nalo ndilo linalotusumbua zaidi. Yule mvulana aliyesema "mfuata mvua" hana jina. Anaingia, anasema, anatoka. Hatujui anakaa wapi, wala neno lile alilisikia kwa nani. Mtoto hatungi neno la namna ile peke yake. Ni neno la watu wazima, lililokomaa, lenye historia ya mashamba na mipaka ndani yake. Alilisikia jioni, pengine kwa baba aliyenyang'anywa kitu na mtu ambaye hakuweza kumfikia, akamgeuzia aliyekuwa karibu. Tumeshaona kwamba katika bonde hili wenye malalamiko ya kweli ni wengi, na malalamiko ya wafugaji walioondolewa mwaka 1904 na 1911 hayakujibiwa kwa kuuziwa mashamba watu wengine baada ya 1963. Riwaya ambayo ingemfuata mvulana huyo hadi kwao, ikaketi naye mekoni na kusikiliza, ingetufundisha kuhusu ubaguzi mambo ambayo machozi ya Ridhaa, hata yakiwa mengi namna gani, hayawezi kutufundisha.

Katika miaka ambayo mwandishi wa makala haya amekuwa akifundisha sura hii, wanafunzi wamekuwa wepesi kujitambua katika Ridhaa. Wanatoka jamii zote, wenyeji na wa kuja, nao wote waliwahi kuitwa jina fulani mahali fulani. Hajatokea hata mmoja wa kusema kwamba alikuwa yule mvulana mwingine. Kwa hesabu ya kawaida hilo haliwezekani. Mwandishi mwenyewe hakuwahi kulisema darasani, kwa hiyo na aliseme hapa: katika shule moja ya kijijini kati ya Njoro na Molo, mwaka 1991, sisi wa darasa la nne tulikuwa na neno letu, la lugha ya nyumbani, lisilo na haja ya kuandikwa. Mwandishi alilitumia kwa mwenziwe wa dawati moja kwa sababu ya kifutio. Kifutio hakikuwa kimeibwa. Kilipatikana baadaye ndani ya mfuko wa mwenye kulalamika. Shule zilipofunguliwa kwa muhula wa pili mwaka 1992, dawati lilikuwa na nafasi, mwalimu akasoma jina mara mbili katika rejista, kisha akaacha kulisoma.

Swali la mwisho linahusu matini. Kedi ni jirani wa Ridhaa, na haielekei kwamba umri wao umepishana sana. Msitu wa Heri si mahali penye shule nyingi. Hatujaona mahali ambapo riwaya inasema kwamba Kedi aliwahi kuketi katika darasa lile. Wala hatujaona inapokana.